JANGWA LA KOMPYUTA: Usikimbilie Sahara, anzia Makutupora!

Na Mwandishi Wetu

UMEWAHI kuiona ile sinema ya The Lion King ya mwaka 2019? Kama uliiona basi kubali tu kwamba ulipigwa changa la macho, tena ukalipa na kiingilio.

Yale majabali, zile nyasi za njano, lile vumbi nyuma ya kundi la nyumbu, lile jua jekundu, karibu vyote vilitengenezwa ndani ya kompyuta. Aliyeiongoza, Jon Favreau, alisema wazi kuwa katika sinema nzima ni kipande kimoja tu kilichopigwa kwa kamera ya kweli, nacho ni kile cha jua linachomoza mwanzoni. Vingine vyote, kuanzia simba mwenyewe hadi kokoto anayoikanyaga, ni hesabu za mashine.

Lakini sikiliza hii. Kabla ya kuketi kwenye kompyuta, jamaa walipanda ndege wakaja Kenya kuangalia nchi ilivyo. Walijua siri moja ambayo vijana wengi wa Bongo wanaojifunza kazi hii wanairuka: huwezi kulidanganya jicho la mtu kama wewe mwenyewe hujui ukweli ukoje.

Wiki hii safu yetu inawageukia watoto wa mjini wanaokesha na kompyuta wakijaribu kutengeneza milima, mabonde na hasa majangwa. Maana jangwa ndilo linalopendwa na kila anayeanza. Anadhani ni rahisi: mchanga, anga, ngamia, kwisha kazi!

Matokeo yake ni kitu kama uji wa ulezi uliomwagika mezani.

KWA NINI MAKUTUPORA?

Msomaji unaweza kuuliza: Makutupora imeingiaje hapa? Tulia.

Makutupora tunayoizungumzia iko kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kilomita 20 na ushee kwa barabara. Usiichanganye na ile Makutupora ya treni ya mwendokasi, ambayo iko upande wa Manyoni, Singida. Hii yetu ni ile yenye kambi ya JKT, ambako vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wamelima, wamekimbia mchakamchaka na kuimba hadi sauti zikakauka. Ndipo pia kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Na ndipo vilipo visima ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo kubwa la maji ya Dodoma.

Ukifika pale mwezi wa tisa utasema hili ni jangwa lenyewe. Ardhi nyekundu, mibuyu imesimama uchi bila jani hata moja, vichuguu, minyaa, na mara unaona chamchela limejinyanyua linazunguka na vumbi kama lina hasira na mtu.

Lakini siyo jangwa, bwana! Wataalamu wengi huita jangwa mahali panapopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Dodoma hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa mwaka wa kawaida. Tatizo ni kwamba mvua yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu zinafunga duka.

Hapo ndipo mtengeneza picha anapopata shule. Nchi ya namna hii ina alama zote za ukame na alama zote za maji kwa wakati mmoja. Ukiweza kuitengeneza Makutupora ikaonekana Makutupora kweli, Sahara itakuwa mteremko.

Na kwa taarifa yako, hata hiyo Sahara siyo mchanga mtupu kama unavyoona kwenye kalenda. Vilima vya mchanga havizidi robo ya eneo lake. Sehemu kubwa ni kokoto, miamba na tambarare ngumu. Kwa hiyo ukijaza mchanga kila pembe, umeshakosea kabla hujawasha taa.

WALIANZA NA PEMBETATU

Mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1980 kijana mmoja wa Kimarekani, Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya ndege ya Boeing, alionyesha filamu fupi ya dakika mbili iitwayo Vol Libre. Ndani yake unajiona kama unaruka juu ya milima. Milima yote ilikuwa ya kompyuta.

Inasemekana ukumbi ulilipuka kwa makofi. Muda si mrefu jamaa akachukuliwa na kampuni ya Lucasfilm, na mwaka 1982 kazi ya kikosi chao ikaonekana ndani ya sinema ya Star Trek II, pale sayari kame inapogeuka kuwa na milima na bahari.

Siri yake ilikuwa nini? Pembetatu. Unachukua pembetatu moja kubwa, unaikata katikati ya kila upande, zinakuwa nne. Zile sehemu ulizokata unazipandisha au kuzishusha kidogo kwa bahati nasibu. Halafu kila moja ya zile nne unaikata tena, na tena, na tena. Baada ya muda karatasi iliyonyooka inakuwa mlima wenye makunyanzi.

Hayo ndiyo mambo ya fraktali, elimu iliyotangazwa na mwanahisabati Benoit Mandelbrot. Maana yake kwa lugha ya kijiweni ni hii: kitu ambacho ukikitazama kwa mbali au kwa karibu, ukwaruzaji wake unafanana. Chukua jiwe dogo la Dodoma, liweke karibu na jicho, utaona mlima mzima.

Akaja Ken Perlin. Huyu alichoshwa na picha za kompyuta za wakati ule zilizokuwa laini kama sahani ya plastiki. Baada ya kufanya kazi kwenye sinema ya Tron ya mwaka 1982, akabuni hesabu ya kuleta madoa na mawimbi yasiyojirudia, ambayo leo inaitwa noizi ya Perlin. Ilimpatia tuzo ya ufundi ya Academy mwaka 1997. Mpaka leo mawingu, mchanga, kutu na magome ya miti ndani ya kompyuta vinapitia mlango huo.

Mwaka 1994 ikatoka programu ya Bryce, iliyopewa jina la korongo moja maarufu kule Utah, Marekani. Ghafla mtu wa kawaida akaweza kutengeneza mlima nyumbani kwake. Mwishoni mwa miaka hiyo ikaja Terragen ya Matt Fairclough. Mambo yakawa bab kubwa.

Basi tuingie jikoni. Utaratibu una hatua tano, na mfano wetu ni Makutupora.

HATUA YA KWANZA: ISHIKE NCHI KAMA ILIVYO

Achana kwanza na kubuni. Nchi ipo, imeshapimwa, tena bure.

Februari mwaka 2000 chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipiga kwa rada. Kikapima miinuko ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Tangu mwaka 2014 vipimo vya Afrika vimefunguliwa kwa wote kwa kiwango cha nukta moja kwa kila mita 30. Vipimo hivi vinajulikana kwa jina la SRTM.

Dunia wameikata vipande kama vigae. Kila kigae kina upande wa digrii moja na nukta 3,601 kwa 3,601, yaani karibu milioni 13. Jina la kigae linatokana na kona yake ya chini kushoto. Jiji la Dodoma limo ndani ya S07E035. Makutupora iko jirani kabisa na mstari wa digrii 6 kusini, hivyo chukua na kigae cha juu yake, S06E035, uviunge. Vinginevyo mlima wako utakatika katikati kama sambusa.

Kazi ya kuunga na kukata eneo unaweza kuifanya kwa programu ya ramani ya QGIS, nayo ni bure.

Unachokipata kinaitwa ramani ya miinuko. Ukiifungua utaona picha ya kijivu tu, haina mvuto. Palipo peupe ni juu, palipo peusi ni chini. Kompyuta inachukua shuka lililonyooka na kulinyanyua kufuata weupe huo. Hapo hapo vilima vya Makutupora vinachomoza kwenye kioo na bonde lake linatulia katikati. Raha ile!

Sasa angalia mitego miwili. Kwanza, mita 30 ni kubwa. Nyumba haionekani, mbuyu hauonekani, korongo jembamba halionekani. Hivyo vyote itabidi uviongeze mwenyewe. Pili, wanaoanza wana ugonjwa wa kuvuta milima juu ili itishe. Usivute! Uwanda wa kati wa Tanzania uzuri wake ni upana. Ni tambarare ndefu, halafu ghafla jabali limesimama peke yake kama ule Mlima Simba pale Dodoma mjini. Ukivuta juu unapata Uswisi.

HATUA YA PILI: MAJI KWANZA, MCHANGA BAADAYE

Hapa ndipo wanaume wanatengana na wavulana, na kina dada pia.

Mtu anaambiwa atengeneze nchi kame, anasahau kabisa maji. Kumbe nchi kame huchongwa na maji kuliko hata nchi yenye mvua nyingi, kwa sababu hakuna majani ya kuishika ardhi. Mvua ikipiga mara moja inabomoa.

Programu za leo zina kitu cha kuiga mmomonyoko. Unaiambia kompyuta imwage matone laki kadhaa ya mvua ya uongo juu ya mlima wako. Kila tone linateremka, linabeba udongo kwenye mteremko mkali, likifika tambarare linachoka na kuushusha. Rudia hivyo mara nyingi, utaona makorongo yanajichimba yenyewe, na chini ya kila kilima mchanga unatandazika kama kipepeo cha kupepelea mkaa.

Hiyo tandazo ya mchanga chini ya kilima ndiyo sahihi ya nchi kavu. Picha isiyokuwa nayo inaonekana feki hata na mtoto wa darasa la pili, ingawa hataweza kukueleza kwa nini.

Makutupora yenyewe inakupa mfano. Bonde lake limezungukwa na nyufa za kale za ardhi, ndugu wa Bonde la Ufa, na miamba yake ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Katikati unapita mto Kinyasungwe Mdogo. Kiangazi unaweza kuuvuka na viatu vya harusi: ni barabara ya mchanga tu. Masika maji yanashuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Sasa shika hapa vizuri, msomaji. Vipimo vya maji ya chini ya ardhi Makutupora vimewekwa tangu miaka ya 1950, na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote za namna hiyo katika Afrika ya nchi za joto. Mwaka 2013 jarida la kisayansi la Nature Climate Change lilichapisha uchunguzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Iligundulika kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu cha maana huko chini. Kinachojaza ni ile mvua kubwa inayokuja kwa nadra, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Ndiyo ile ile iliyokata madaraja na kuwalaza watu nje.

Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha jinsi mito hiyo ya msimu, yenye vitanda vya mchanga, inavyoyapitisha maji kwenda chini.

Kwa hiyo ule mchanga unaouona kame na kuudharau ni mlango wa tangi la maji. Ukitengeneza Makutupora bila kitanda cha mto wa mchanga, umetengeneza nyumba ukasahau mlango.

HATUA YA TATU: MCHANGA WENYEWE

Haya, kwa wenye uchu wa vilima vya mchanga. Je, hapa nyumbani vipo?

Vipo! Karibu na Bonde la Olduvai, eneo la Ngorongoro, kuna kilima kimoja cha mchanga mweusi kinachotembea. Ndiyo, kinatembea. Ni majivu ya volkano kutoka Mlima Oldoinyo Lengai, yamejikusanya kwa umbo la mwezi mchanga. Urefu wake kwenda juu ni kama mita 9, na kuzunguka upinde wake ni kama mita 100. Upepo unakisukuma kuelekea magharibi, wastani wa mita 17 kwa mwaka. Wameweka na vibao vya miaka kuonyesha kilikuwa wapi.

Kilima hicho ni mwalimu bora kuliko kalenda zote za Sahara. Kiangalie kwa makini. Upande unakotoka upepo umelala taratibu, mteremko wa digrii 10 hadi 15. Upande wa pili unadondoka kwa mkato, digrii kama 32 hadi 34, na hauwezi kuzidi hapo kwa sababu mchanga mkavu ukizidishiwa mteremko unaporomoka wenyewe. Jaribu nyumbani: mimina mchanga mkavu au mchele polepole mezani. Utaona lile tuta linakataa kuwa kali zaidi ya kiasi fulani.

Sheria inayotokana na hapo ni rahisi. Amua upepo wako unatoka wapi, halafu usibadili. Vilima vyote vya picha moja vigeuzie mgongo upande mmoja. Pembe mbili za ule mwezi zielekee upepo unakokwenda. Anayeweka vilima vinavyotazamana ovyo ovyo anaonekana mara moja kwamba hajawahi kutoka mjini.

Kwa Makutupora usiweke vilima vya namna hiyo kabisa, maana havipo. Weka mchanga pale maji yanapouacha: kwenye kitanda cha mto na chini ya makorongo. Upepo pale kazi yake ni vumbi.

HATUA YA NNE: RANGI, MIBUYU NA NYAYO ZA NG'OMBE

Rangi za nchi unazipata kwa setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zinazopiga dunia tangu mwaka 2015 na picha zake ni bure. Nukta moja ni mita 10. Lakini usitandike ile picha kama shuka halafu ukalala. Itazame, jifunze, kisha changanya rangi yako.

Kwenye miteremko udongo ni mwekundu kama matofali. Chini kabisa bondeni, maji yanapotuama, ni wa mfinyanzi, umepauka kijivu na unapasuka vipande vipande wakati wa kiangazi. Majabali ni ya kijivu yenye michirizi myeusi maji yalipopita. Rangi hizo tatu ziheshimu mahali pake.

Sasa mimea. Kompyuta inakupa uwezo wa kumwaga miti elfu kumi kwa kubonyeza mara moja, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanaimwaga kama karanga. Miti ya nchi kame haikai ovyo, inafuata maji. Panga mikubwa na ya kijani kidogo kandokando ya kitanda cha mto. Migunga isambae kwenye tambarare. Mbuyu uachie nafasi yake, maana mbuyu ni bwana mkubwa hapendi kubanwa.

Ukishamaliza, tia watu. Siyo lazima uwachore wenyewe, tia alama zao. Njia nyembamba za ng'ombe zinazokutana kisimani. Ua wa minyaa. Nyumba ya tembe yenye paa la bapa, jinsi Wagogo walivyojenga tangu zamani. Mistari ya shamba la zabibu. Ardhi iliyotandazwa na kwato. Nchi isiyo na nyayo inanuka kompyuta.

HATUA YA TANO: JUA LA DODOMA

Dodoma iko digrii 6 kusini mwa Ikweta, na hilo lina maana kwenye picha yako. Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, na kivuli chako kinajificha miguuni. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, vivuli vinalala kusini. Desemba ni kinyume chake. Ukikosea hapo, mtu wa Dodoma atahisi kuna kitu kimekwenda mrama.

Saa nzuri ya kupiga ni asubuhi mara baada ya jua kuchomoza au jioni kabla halijazama, jua likiwa chini. Hapo kila kokoto inakuwa na kivuli, na sura ya nchi inajitokeza. Saa sita mchana ardhi inakuwa kama chapati.

Halafu vumbi. Milima ya mbali iwe hafifu na mieupe zaidi kuliko ya karibu. Anga la kiangazi karibu na upeo wa macho lisiwe la buluu kali, liwe limechafuka kidogo. Vumbi kidogo linafanya kazi kubwa kuliko mlima wa pili. Lakini usizidishe, picha isije ikaonekana imepigwa jikoni kwenye moshi wa kuni.

MASHINE NA UMEME

Vijana wengi wanakata tamaa wakidhani lazima uwe mtoto wa kigogo. Siyo kweli. Programu ya Blender ni bure moja kwa moja, imekuwa wazi kwa kila mtu tangu mwaka 2002, na ina kiongezo cha kutengenezea milima. Terragen ina toleo la bure kwa asiyefanya biashara. World Machine na Gaea ni mafundi wa mmomonyoko.

Kinachotesa ni kurenda, yaani pale kompyuta inapoipika picha hadi iive. Piga hesabu. Sinema ya sekunde 10, picha 25 kwa sekunde, ni picha 250. Kama kila moja inaiva kwa dakika 4, hizo ni dakika 1,000, yaani saa 16 na dakika 40. Umeme ukikatika saa ya kumi na tano utalia kama umefiwa.

Kwa hiyo usirende moja kwa moja kuwa video. Renda picha moja moja, kila moja ijihifadhi. Umeme ukirudi unaendelea ulipoishia. Na kabla ya yote pika ndogo kwanza, robo ya ukubwa, uonje chumvi.

PICHA INAWEZA KUKUUZIA MTO

Sasa tuzungumze kikubwa kidogo, maana kazi hii siyo ya kuuza sura tu.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Uhamiaji wenyewe ukashika kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapata hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Karibu mara mbili ndani ya miaka 10! Wote hao wanataka nyumba na wote wanataka maji.

Wanapotaka nyumba ndipo zinapotokea picha za kompyuta: nyumba nzuri, barabara ya lami, bustani, watoto wanaendesha baiskeli. Mtu aliyeko Kariakoo anaona picha kwenye simu, anatoa hela. Masika yakifika anagundua kwamba lile eneo tambarare zuri lililo kwenye picha ni njia ya korongo. Aliyechora aliona korongo linaharibu sura, akalipiga pasi. Kompyuta haikukataa. Maji yatakataa.

Kosa la pili ni kinyume chake. Ni kuichora Dodoma kama nchi iliyokufa, mchanga mtupu, hakuna kitu. Picha ya namna hiyo inamwambia mtazamaji kwamba hapa hakuna cha kuharibu. Kumbe chini ya vumbi hilo kuna maji ambayo jiji zima limeyanywa, na yanajazwa na mafuriko yanayokuja mara chache. Ukijenga juu ya vitanda vya mchanga au ukivichimba ovyo, unacheza na koo la mji.

Na kama unataka kujua jangwa la kweli linavyotengenezwa bila kompyuta, panda basi kaskazini hadi Kondoa. Huko mmomonyoko ulikula miteremko hadi ikabaki mbavu nyekundu. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Haikuwa jambo dogo kwa mfugaji kuambiwa aondoe ng'ombe wake. Lakini nyasi na vichaka vilirudi kwa kiasi ambacho wataalamu wamekuja kukiandika kwa miaka mingi.

Ndani ya kompyuta kuna kitufe cha kurudisha nyuma, ukikosea unabonyeza mlima unarudi. Kondoa kitufe hicho kilichukua miaka, na kiliwagharimu watu mifugo yao.

KIPIMO CHA MWISHO

Kuna mshiko kwenye fani hii? Upo kwa anayejua. Wasanifu majengo wanahitaji watu wa kuonyesha eneo kabla ya ujenzi. Wapo wa sinema, wa michezo ya kompyuta, wa makumbusho, na walimu wa jiografia wanaofundisha kwa kuchora ubaoni wakati wanafunzi wangeweza kuliruka bonde zima kama mwewe. Ila soko limejaa milima isiyo na kwao. Mwenye nchi anayoijua ana cha kuuza ambacho mchizi wa Ulaya hana.

Hivyo basi, ukimaliza picha yako ya Makutupora usiwaulize washikaji kama ni nzuri. Watasema bomba, maana wanakupenda. Mtafute mtu aliyekulia huko, au yeyote aliyepita ile kambi masika na kiangazi, mwekee picha mbele halafu muulize swali moja tu: mvua ikinyesha hapa, maji yatapita wapi?

Akinyoosha kidole bila kusita, kazi imekubali. Akikuna kichwa, rudi kwenye hatua ya pili.

Tukutane wiki ijayo.